Programu za Kabambe: Zinazofufuka na Zisizofufuka

Soko la Mikinduri, Tigania Mashariki katika Kaunti ya Meru, liliingia katika zama za simu likisukumwa na biashara ya miraa. Miraa ikishachumwa haingoji mtu. Siku mbili zikipita imenyauka na bei imeporomoka. Mkulima, mchumaji, dereva wa gari la mzigo na mnunuzi wa Nairobi walilazimika kupatana bei siku hiyo hiyo. Kwingineko duniani, kazi ya kufufua programu za simu za zamani imeachiwa zaidi wapenzi wa michezo. Huku Meru inagusa kumbukumbu za soko na shamba.

Kampuni za simu za Safaricom na KenCell zilifungua huduma zao mwaka 2000. Simu zilizoenea vijijini miaka iliyofuata ni zile za mulika mwizi, mfano Nokia 1100 ya 2003, yenye tochi na mchezo wa nyoka. Nyoka yule alitiwa ndani ya mfumo wenyewe wa simu kiwandani, hivyo hakuna faili lake la kunakili. Mambo yalibadilika zilipokuja simu zenye Java. Programu zake zilifungwa katika mafaili madogo ya JAR, na vijana wakapeana kwa Bluetooth au wakatiliwa na fundi kwenye memori kadi pamoja na nyimbo. Mwaka 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa simu, na mwaka huo huo kebo ya intaneti ya SEACOM ikafika Mombasa. Kabambe, yaani simu ya vibonye, yenye kivinjari cha Opera Mini ikawa intaneti ya kwanza ya wengi, kwa kuwa kompyuta za Opera zilikamua ukurasa kwanza kabla ya kuutuma, na bando likadumu.

Mwaka 2011 Safaricom ilileta Huawei Ideos, simu ya Android 2.2 iliyouzwa chini ya shilingi 10,000. Hapo ndipo mafaili ya JAR yalipoanza kuachwa, kwa sababu Android haiyasomi yalivyo. Baadaye Android nayo ikazipa kisogo programu zake yenyewe. Google Pixel 7, iliyotoka 2022, haiendeshi tena programu za biti 32, na Android 14 ya 2023 hukataa kusakinisha kwa njia ya kawaida programu zilizolenga matoleo ya kabla ya Android 6.

Emuleta, yaani programu zinazoiga simu za zamani, zimeziba sehemu ya pengo hilo. J2ME Loader, programu ya bure ya Android, huchukua faili la JAR, hugeuza maelekezo yake yawe ya aina inayoeleweka na Android, kisha huchora vibonye vya namba kwenye kioo na kutanua picha iliyokusudiwa kioo kidogo cha nukta 240 kwa 320. EKA2L1 hufanya kazi nzito zaidi: huiga mfumo mzima wa Symbian, na ili ifanye hivyo huhitaji nakala ya mfumo iliyotolewa katika simu halisi ya Nokia. Kwa njia hizi, mchezo wa mbio za magari au kamusi iliyokuwa kwenye kabambe mwaka 2008 inaweza kufunguka leo kwenye Tecno ya kawaida.

Lakini hesabu ikifanywa vizuri, vinavyofufuka ni vile vilivyojitosheleza ndani ya simu. WhatsApp iliacha kuzihudumia Nokia S40 tarehe 31 Desemba 2018; hata faili lake lingefunguka kwenye emuleta, upande wa pili hakuna wa kuliitikia. M-Farm, iliyoanzishwa 2010, ilimpa mkulima bei za mazao kwa SMS kupitia namba 3555. iCow, iliyobuniwa na Su Kahumbu, ilimkumbusha mfugaji siku za ng'ombe wake. Simu ilikuwa dirisha tu. Mazao, bei na tarehe vilikaa kwenye kompyuta za mbali.

Mfano mkubwa kuliko yote ni M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, iliyozinduliwa tarehe 6 Machi 2007 baada ya majaribio yaliyoanza 2005. Walioiunda waliiweka menyu kwenye laini (SIM) yenyewe ili ifanye kazi katika simu yoyote, hata mulika mwizi. Uamuzi huo ndio uliofikisha pesa kwa mchumaji wa miraa asiye na akaunti ya benki, na ndio huo unaomfungia njia mhifadhi. Menyu ya laini imefungwa kwa funguo za kampuni. Hesabu za fedha nazo zilikuwa kwenye seva za Ujerumani hadi Aprili 2015, zilipohamishiwa Kenya pamoja na mfumo mpya. Hakuna JAR ya M-Pesa ya 2007 ambayo fundi angeweza kuitia kwenye memori kadi.

Kwa hiyo anayetaka kuihifadhi historia hii asianzie kwenye emuleta. Mafaili ya JAR yanakiliwe mapema, maana memori kadi hupoteza data kadiri miaka inavyopita. Menyu za laini na za USSD zirekodiwe kwa video zingali zinafanya kazi. Daftari za mawakala wa M-Pesa, walimoandika tarehe, kiasi na sahihi ya kila mteja, ziokolewe kabla ya kuwa karatasi za kufungia mandazi, na majina pamoja na namba za vitambulisho vifichwe kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Makumbusho ya Meru, katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni, ni mahali panapofaa kuanzia. Wakati wafanyabiashara wa mwaka 2007 wangali sokoni, maelezo yao ya jinsi pesa ilivyotumwa yatatufundisha mengi kuliko programu yoyote itakayofufuliwa.