Kutoka Kyebando hadi Gati la Port Bell: Ufukwe wa Ziwa Victoria katika Historia ya Kiswahili Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya gati la Port Bell, Luzira, na fukwe za jirani zinazotembelewa na wakazi wa Kampala. Yanadai kuwa Kiswahili kilifika ufukweni kwa njia mbili, ya kazi na ya amri, na kwamba maneno yaliyokita mizizi katika Kiganda yalipita katika njia ya kwanza. Sera ya lugha ya sasa haina budi kuzitofautisha njia hizo.

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Kyebando, kaskazini mwa Kampala, anayetaka kupunga upepo wa ziwa siku ya Jumapili hushuka mjini, hubadili taksi, kisha huelekea Ggaba, Munyonyo, Busabala, Entebbe au Luzira. Huko hula samaki wa kukaanga, hupanda mtumbwi kwa malipo na kupiga picha. Akifika Port Bell huliona gati, reli inayoishia majini, na jina ambalo wengi wamelizoea kwenye chupa ya bia kuliko katika historia. Kwake, gati ni sehemu ya mandhari ya matembezi. Kwa mtafiti wa lugha, ni mahali ambapo historia ya Kiswahili nchini Uganda inaweza kusomwa bila kuanzia darasani wala bungeni.

2.0 Ufukwe kabla ya gati

Matembezi ya ziwani hayakuletwa na wakoloni. Aprili 1875 Kabaka Mutesa I alikuwa na watu wa baraza lake Usavara, Busabala ya leo, alipompokea H. M. Stanley. Mazungumzo yao yaliwezekana kwa Kiswahili, kwa kuwa wafanyabiashara kutoka pwani na Unguja walikuwa wamekwisha kufika Buganda, na Kabaka mwenyewe aliijua lugha hiyo. Hakukuwa na sheria iliyoilazimisha. Ilitumika kwa sababu mwenyeji na mgeni waliihitaji.

3.0 Gati na ufukwe uliofungwa

Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901. Kutoka hapo abiria na mizigo walivushwa kwa meli za mvuke, mojawapo ikiwa William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900. Bandari ya Kampala ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyeiongoza Uganda kati ya 1906 na 1909, na kufikia 1915 iliunganishwa na mji kwa reli fupi.

Ni Bell huyo huyo aliyeamuru wakazi wahamishwe kutoka ukanda wa takriban maili mbili kando ya ziwa. Sababu ilikuwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao kwa makadirio ya kawaida uliua zaidi ya watu 200,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 wakazi wa Visiwa vya Ssese nao walihamishwa. Uamuzi huo ulikuwa na msingi wa kitabibu, lakini wavuvi walipoteza mialo, mashamba na makaburi ya wazee wao. Hivyo, jina la gati ni la kiongozi ambaye katika kipindi kimoja aliufungulia ufukwe meli na kuwafungia wenyeji. Mgeni wa Jumapili anastahili kuyajua yote mawili.

4.0 Kiswahili cha kazi na Kiswahili cha amri

Ushahidi wa njia ya kazi umo katika msamiati. Kiganda huita meli *emmeeri*, na chombo cha majini *ekyombo*. Gari la moshi ni *eggaali y'omukka*: *eggaali* ni gari, *omukka* ni moshi. Wasemaji walilichukua neno na wakaifasiri picha yake. Upande wa pili, neno *mwalo*, ambalo katika Kiganda ni *omwalo*, limeingia katika Kiswahili cha kanda ya ziwa, na leo maofisa wa uvuvi wa Tanzania huandika *mwalo* na *mialo* bila kulifafanua. Maneno yalisafiri pande zote mbili, kama mizigo.

Njia ya amri ilikuwa na matokeo mengine. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa II alipinga hadharani. Hofu yake ilikuwa kwamba Kiganda kingeondolewa mahali pake, wakati ambapo muungano na Kenya ya walowezi ulijadiliwa. Mwaka 1973 serikali ya kijeshi ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa raia wengi kikabaki sauti ya askari. Tangu 2017, jeshi liliposhika usimamizi wa uvuvi, sauti hiyo imesikika tena kwenye mialo.

5.0 Gati baada ya 1931

Reli kuu ilipofika Kampala mwaka 1931, Port Bell ilipungukiwa abiria. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, liliajiri watu wa nchi zote tatu, na katikati ya miaka ya 1960 lilipata vivuko vya mabehewa vilivyoitwa Uhuru na Umoja. Jumuiya ilipovunjika 1977, Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikabaki Tanzania. Juni 2018 Umoja ilirudi Port Bell na shehena kutoka Mwanza.

6.0 Hitimisho

Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kuutekeleza uamuzi huo. Historia ya gati inaonya kwamba azimio peke yake halitoshi. Mambo matatu yanapendekezwa: msamiati wa mabaharia, wachuuzi na wavuvi ukusanywe kabla wazee hawajaondoka, vitabu vya shule vianze na maneno ambayo Kiganda na Kiswahili tayari vinashirikiana, na gatini pawe na maelezo kwa lugha zote mbili, yakitaja meli pamoja na watu waliohamishwa. Mtoto wa Kyebando akilisoma neno *emmeeri* kando ya *meli*, ataona kuwa Kiswahili kilikwisha kuingia nyumbani kwao kabla mwalimu hajakileta.