Habari za Chembe za Uhai na Watu Walioziona Kwanza

Kila kitu chenye uhai, tangu mbuyu hata sisimizi, kimejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu. Chembe hizo huitwa seli. Seli ina utando unaoizunguka. Ndani yake umo ute ufanyao kazi za uhai, na ndani ya ute huo, katika mimea na wanyama, kimo kiini kitunzacho urithi wa mzazi. Tena wako viumbe ambao mwili wao wote ni seli moja tu, nao hula, hukua na kuzaana. Twataka kuwaeleza wasomaji jinsi mambo haya yalivyopata kujulikana, maana katika habari hiyo limo fundisho juu ya elimu yenyewe.

Mwaka 1665 Mwingereza mmoja, jina lake Robert Hooke, alitoa kitabu chenye picha za vitu alivyovitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Alikata kipande chembamba cha gome la mti litumiwalo kuzibia chupa, akaona vijumba vingi vilivyopangwa kama masega ya nyuki. Akaviita kwa neno lenye maana ya chumba kidogo, nalo ndilo asili ya neno seli. Alikadiria kwamba katika kipande chenye urefu, upana na kimo cha inchi moja moja vimo vijumba zaidi ya milioni 1,200. Lakini gome lile lilikuwa limekufa. Hooke aliona kuta za nyumba, wenyeji wamekwisha kuondoka.

Viumbe hai wenyewe walionwa na mtu asiyesoma vyuo vikuu. Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, akawa mwuza nguo. Hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa siku zile, ila alikuwa na mikono ya fundi na subira nyingi. Alitengeneza vioo vidogo sana, na vilivyo bora vilikuza kitu mara 200 na zaidi. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa lililo karibu na mji wake, akaona viumbe wadogo wakienda huku na huku. Mwaka 1676 aliloweka pilipili manga majini, akitaka kujua sababu ya ukali wake. Sababu ya ukali hakuipata, bali aliona vijidudu vidogo kuliko vyote alivyokwisha kuviona. Leo twajua kwamba baadhi yao walikuwa bakteria, ambao seli yao haina kiini kilichozungushiwa utando.

Akaandika barua kwa Kiholanzi, akaipeleka London kwa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society. Wengi waliona shaka. Hata hivyo hawakuitupa barua ile, wala hawakuisadiki kwa maneno matupu. Leeuwenhoek akapeleka ushuhuda wa watu wanane waliotazama kwa vioo vyake, miongoni mwao wachungaji wa kanisa. Huko London majaribio ya kwanza hayakufaulu. Ndipo mwezi wa Novemba 1677 Hooke mwenyewe akawaonyesha wenzake vijidudu vile, nao wakasadiki. Mwaka 1680 chama kikampokea mwuza nguo yule awe mmoja wao.

Lakini lilikuwako neno moja ambalo Leeuwenhoek hakukubali kulitoa. Wageni aliwaruhusu kutazama, ila vioo vyake vizuri kupita vyote aliviweka kwa ajili yake peke yake, na njia ya kuvitengeneza hakuitangaza. Alikufa mwaka 1723, umri wake miaka 90, na ufundi wake ukazikwa pamoja naye.

Elimu ya seli iliendelea kwa kazi ya watu walioandika wazi waliyoyaona. Mwaka 1831 Robert Brown alikipa kiini jina lake. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alieleza kwamba mimea imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 Theodor Schwann akasema hivyo juu ya wanyama pia. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akatangaza kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine iliyoitangulia. Kila mmoja alianzia pale mwenzake alipoachia.

Faida yake ilifika hata kwetu. Mwanzo wa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana katika Uganda, kandokando ya ziwa Viktoria. Huko Entebbe, mwaka 1902, Aldo Castellani aliona kijidudu cha seli moja katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Na mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakaonyesha kwamba kijidudu hicho huenezwa na mbung'o. Kama habari hizo zingalifichwa, watu wangalizidi kuangamia pasipo kumjua adui yao.

Mwaka 2021 wataalamu wa Uholanzi walitoa habari ya kustaajabisha. Darubini moja ya Leeuwenhoek imetunzwa katika mji wa Utrecht. Waliichunguza kwa miali ipenyayo chuma, bila kuifungua, wakaona kwamba kioo chake ni tone la mviringo lililoyeyushwa kwa moto, kwa njia ile ile ambayo Hooke alikuwa ameiandika waziwazi. Siri iliyolindwa miaka yote ile ilikuwa imekwisha kuchapwa, kila msomaji aweze kuijua!

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vijiji vyetu wako mafundi wa chuma, wa ngalawa na wa dawa za miti, nao ni wazee. Basi sisi walimu na tuwaendee wangali hai, tuwaulize kwa adabu, tuandike, na yaliyoandikwa tuyajaribu mbele ya watu.