Mlango wa Ualimu: Kutoka Makerere Hadi Mlimani

Katika shahada zote zinazotolewa na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, hapana moja ambayo hiari ya mwombaji na haja ya dola vimekabiliana mlangoni pake kwa muda mrefu kama shahada ya ualimu. Na mtu atakaye kufahamu kwa nini kijana wa leo, ajazapo maombi ya chuo, hushauriwa na baba, mjomba na jirani kwamba aandike Elimu hata kama moyo wake uko kwingine, hana budi kurejea nyuma miaka mingi kabla ya kijana huyo kuzaliwa.

Hapo kale, katika miji ya pwani, mtu hakuomba kuwa mwalimu. Alikaa mkekani mbele ya shehe wake, kitabu baada ya kitabu, mpaka shehe mwenyewe aliporidhika na ilimu yake na adabu yake akampa ijaza ya kusomesha wengine. Wamisheni walipokuja walileta njia nyingine, na chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, kilichoanzishwa mwaka 1869, kikawa chemchemi ya walimu na makasisi waliotawanyika bara yote. Lakini katika njia zote mbili aliyechagua aghalabu alikuwa mkubwa, na mdogo alichaguliwa.

Makerere, iliyofunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika, haikukawia kuongeza mafunzo ya ualimu, maana serikali za kikoloni zilihitaji watu wa kusomesha kama zilivyohitaji waganga na makarani. Huko ndiko alikokwenda Julius Nyerere mwaka 1943, akitoka shule ya Tabora, akarudi mwaka 1945 na stashahada ya ualimu kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, mji uleule wa Tabora. Shahada hakuipata Makerere, kwani wakati ule chuo kile hakikuwa na idhini ya kutoa shahada; aliifuata Edinburgh, akaipata mwaka 1952. Makerere ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, utaratibu wake ukawa kwamba mtu apate shahada ya somo lake kwanza, kisha, akitaka ualimu, aongeze stashahada juu yake. Utaratibu huo ulimwachia mtu hiari yake kwa ukamilifu, na kwa sababu hiyohiyo haukutosheleza haja ya nchi: waliohitimu waliitwa na afisi za serikali kabla hawajagusa chaki, hata mwaka 1961 ikabidi Wamarekani wapitishwe Makerere kwa makundi wakajaze shule zetu za sekondari.

Tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango yake katika jengo la chama cha TANU la mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, nje ya mji, nako ndiko ualimu ulikopata sura mpya. Badala ya kungoja shahada iishe ndipo ualimu uanze, mwanafunzi wa Mlimani alichukua masomo mawili ya kufundishia pamoja na somo la elimu, vyote kwa miaka mitatu, akatoka mwanachuoni na mwalimu kwa mpigo mmoja. Serikali nayo ikaweka sharti: wengi wa waliosomeshwa kwa fedha yake katika sanaa na sayansi walitakiwa wachukue ualimu, na baada ya kuhitimu watumike madarasani. Nauona uamuzi ule ulikuwa wa haki katika nchi iliyotegemea wageni kufundisha sekondari zake, ingawa sikatai kwamba wapo walioingia kwa shingo upande, na wahenga hawakukosea waliposema hiari yashinda utumwa.

Kilichowageuza wengi wa hao, kwa maoni yangu, si mihadhara ya saikolojia wala ya falsafa ya elimu, bali ni mazoezi ya kufundisha wakati wa likizo. Mwanachuo hupelekwa shule asiyoijua, hukabidhiwa kidato na vipindi vyake, na usiku huketi kuandika andalio la somo: muda, hatua, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, tathmini. Asubuhi husimama mbele ya watoto arobaini au zaidi, naye mhadhiri ameketi dawati la nyuma na karatasi ya alama, akitazama kama maandishi ya ubaoni yamenyooka na kama swali limekwenda kwa mtoto wa pembeni asiyenyosha mkono. Kengele ikilia kabla hatua ya tatu haijaisha, mwanachuo hutambua kwamba kujua historia ni jambo moja na kumfikishia mwingine historia hiyo ni jambo jingine; wapo ambao siku hiyo hukata tamaa, na wapo ambao siku hiyo kazi huwaingia damuni.

Mwezi Novemba 1974, TANU ilipokutana Musoma, mlango wenyewe ulibadilishwa. Ikaamriwa kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu, bali afanye kazi walau miaka miwili, kisha alete barua ya mwajiri na ya tawi la chama zinazoshuhudia mwenendo wake. Sharti hili liliwazuia wasichana wengi, hata baada ya muda mfupi wakasamehewa, na wengine wakafuatia. Hata hivyo, kwa upande wa ualimu naliona lilikuwa na hekima, maana liliwaleta Mlimani watu wazima waliokwisha kufundisha, wenye maswali yaliyotoka darasani na si vitabuni.

Kenya ilipita njia yake. Kambi ya askari wa Kiingereza iliyokuwa kando ya barabara ya Thika iligeuzwa chuo mwaka 1965, ikapewa jina la Kenyatta. Mwaka 1972 wakaingia wanafunzi 200 wa kwanza wa shahada ya elimu, na mwaka 1978 kitivo kizima cha elimu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kikahamia huko.

Siku hizi uchaguzi hufanyika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanafunzi wa Tanzania anapochagua tahasusi ya kidato cha tano, iwe ni Historia, Kiswahili na Kiingereza, au Fizikia, Kemia na Hisabati, amekwisha kuchagua masomo mawili atakayoweza kuyafundisha, maana chuo hutazama ufaulu wa masomo hayo kabla ya jambo lolote. Mwaka 2005 vyuo vishiriki vya elimu vilianzishwa Chang'ombe na Mkwawa ili nafasi ziongezeke, na mwaka uleule Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi. Watoto wa wakulima wakaiona shahada ya ualimu kuwa njia nyoofu ya kupata mkopo na, baada yake, ajira. Kwa muda ilikuwa hivyo kweli.

Kisha wahitimu wakazidi nafasi za ajira. Mchujo ambao shehe aliufanya kabla ya kutoa ijaza, na ambao Musoma iliuweka mlangoni mwa chuo, sasa umesogezwa mwisho wa safari: mhitimu mwenye shahada, mazoezi na deni la mkopo husubiri tangazo la ajira, kisha huenda kwenye usaili akapimwe upya pamoja na wenzake wengi kwa nafasi chache. Aliyeingia kwa mapenzi na aliyeingia kwa ajili ya mkopo wamekaa foleni moja, na hapana karatasi katika mikoba yao inayoonyesha yupi ni yupi.