Kabla ya kuhesabu upepo, kata hewa: mafunzo ya Richardson

Siku hizi mwanafunzi anachora gala ya mahindi kwenye ordinatere, anabonyeza, na lojisieli inamuonyesha njia ya upepo kwa rangi nyekundu na bluu. Ni vizuri kuangalia. Lakini mbele ya ile rangi kuna kazi mbili: kuweka mipaka ya hewa tunayotaka kuhesabu, kisha kuikata vyumba vidogo kama wavu. Hesabu inafanyika chumba kwa chumba, kila kimoja kikipashia jirani yake. Ile kazi iko na historia, na kwa sehemu ilianzia kwenye matope.

Mwaka 1906, Muingereza Lewis Fry Richardson aliingia katika kampuni ya turbe, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza majini, kama wa Cuvette centrale kwetu. Swali lake lilikuwa la agronome kabisa: kwa mvua ya mwaka mzima, mifereji ichimbwe namna gani ili maji yatoke kwa kiasi kinachofaa? Ekwasio zilijulikana, lakini watu waliweza kuzimaliza kwa maumbo rahisi tu. Shamba halina umbo la kitabu. Basi akajaribu michoro, kisha akafika kwenye njia ya kukata eneo vipande na kuhesabu kwa mkono.

Baadaye akapeleka njia hiyo kwenye hewa. Alikata anga la Ulaya ya kati vyumba vya kilometa karibu 200, tabaka tano kwenda juu, akachukua vipimo vya tarehe 20 Mei 1910. Vita vilipokuja, yeye, mtu wa dini ya Quaker asiyekubali kubeba bunduki, aliendesha ambulansi Ufaransa, na huko akaendelea na hesabu kati ya safari za majeruhi.

Jibu? Kanieneo ya hewa ingepanda hektopaskali 145 kwa saa sita. Kumbe siku ile haikubadilika karibu hata kidogo! Richardson hakuficha. Mwaka 1922 aliandika yote katika kitabu chake, pamoja na kosa, akashuku vipimo vya upepo alivyoanza navyo. Wataalamu wa baadaye walionyesha kwamba vile vipimo vya mwanzo, upepo na kanieneo, havikupatana. Vilipolainishwa, hesabu ileile ilitoa jibu la kawaida.

Mwaka 1928, Courant, Friedrichs na Lewy walieleza mtego mwingine: ukipunguza chumba, upunguze pia hatua ya wakati, la sivyo hesabu inalipuka. Mwaka 1950, Charney, Fjørtoft na von Neumann walitumia mashine ENIAC huko Marekani, vyumba vya kilometa 736. Utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kuhesabiwa, lakini safari hii ulifanana na hali ya hewa. Richardson alipata habari hiyo akiwa bado hai, alifariki 1953.

Sisi tunajifunza nini? Kwanza, mpaka wa hewa usibane jengo. Upepo uachiwe nafasi mbele, nyuma na juu. Pili, vyumba viwe vidogo karibu na mlango, dirisha na ukuta, pale upepo unapogeuka. Mbali vinaweza kuwa vikubwa. Tatu, kata tena vidogo zaidi, uhesabu upya. Jibu likibadilika sana, bado hauna jibu, uko na picha tu. Nne, wavu mzuri hauponyeshi vipimo vibaya: nenda upime upepo wa kweli pale gala itakapojengwa.

Picha ya rangi inaweza kufurahisha jury siku ya kutetea memwari. Lakini mkulima akijenga gala kwa kuifuata, na hewa haipite, mahindi yanaoza, na njaa ni yake. Richardson alituachia kosa lake wazi, na ndiyo maana wengine waliweza kulisahihisha. Mu memwari zenu, munaonyesha wavu wenu, ama rangi peke yake?