Farasi Kwenye Medali

Boma hili lilijengwa na Wajerumani, walioitawala Mafia kutoka hapa Chole kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia. Ndege zao ziliruka kutoka kisiwa kikubwa cha Mafia hadi delta ya Rufiji, zikaielekezea shabaha mizinga ya meli zao Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai manowari ya Kijerumani Königsberg ikaangamizwa. Rubani wao J. T. Cull na mwangalizi wake, H. J. Arnold, walitunukiwa Distinguished Service Order, nishani iliyokuwa wakati huo ya maofisa peke yao.

Askari wa Kiafrika wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wao walipewa medali ya fedha ya vita vya 1914–1918. Upande mmoja una kichwa cha Mfalme George V. Upande wa pili yupo mpanda farasi, na farasi wake anakanyaga ngao yenye tai wa Prussia. Picha hiyo inagusa moyo, kwa kuwa wengi wa askari hao walipigana kwa miguu. Wapanda farasi kutoka Afrika Kusini walifika Kondoa Irangi mwaka 1916, lakini mbung'o na maradhi viliua maelfu ya farasi wao.

Tazama ukingo wa medali: ndipo palipopigwa namba, cheo, jina na kikosi cha askari. Mwenye medali ya babu yake nyumbani asiusugue ukingo huo kwa mchanga wala majivu. Herufi hizo hufutika upesi.