Kupoteza wokovu
Suala la iwapo Mkristo aliyeokoka aweza kuupoteza wokovu wake. Sinodi ya Wakalvini ya Dordrecht (1618–1619) ilikana: wateule wa Mungu hudumu hadi mwisho. Wakatoliki na Wamethodisti hukubali kwamba neema yaweza kupotea, na kwa toba ikarejea. Pwani ya Waswahili, kisa mashuhuri ni cha Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa, aliyebatizwa Goa kwa jina la Jerónimo Chingulia. Agosti 1631 aliuacha Ukristo, akaiteka Ngome ya Yesu na kuwaua Wareno. Mkalvini angesema hakuwa mteule tangu awali, hoja isiyopimika. Adhabu ya Wareno kwa uasi huo ilifika hadi visiwa vya Amu (Lamu): maandishi ya Wareno langoni mwa ngome hiyo yajisifia kubomolewa kwa kuta za Pate na Siyu.