Ua la Mbaazi na Msafiri wa Tanganyika

Mbaazi zinapochanua manjano katika mashamba ya Babati, mkulima apitaye asubuhi kukagua wadudu hana haja ya kujua kwamba ndani ya tumba ambalo bado limefumba, katika vifuko kumi vya chavua, kuna hesabu iliyokwisha kupigwa: chembe yenye kromosomu 22 imegawanyika mara mbili, ikaacha chembe nne, kila moja na 11 tu.

Wataalamu huuita mgawanyiko huo meiosisi, na mmoja wa wawili waliolitunga jina hilo alipata kukanyaga ardhi yetu. Kabla yake, mwaka 1883, Mbelgiji van Beneden alikwisha kuona katika mnyoo wa matumbo ya farasi kwamba yai na mbegu ya kiume kila kimoja huleta nusu ya hesabu. Naye Weismann wa Ujerumani akatoa hoja, mwaka 1887, kwamba pasipo kupunguzwa, idadi ingerudufika kizazi hata kizazi.

J. E. S. Moore, Mwingereza, alianza na papa na taa: katika korodani zao aliona nyuzi za kromosomu zikikusanyika pamoja, akauita mkutano huo sinapsisi. Kisha, baina ya 1895 na 1900, akasafiri mara mbili hadi Ziwa Tanganyika, ambako konokono wenye sura ya bahari, na konyeza waeleao katika maji matamu, walimshawishi kwamba ziwa lile ni masalia ya bahari ya kale. Akalitungia dai hilo kitabu kizima mwaka 1903, nalo, maskini, halikusimama.

Lililosimama ni neno. Mwaka 1905 yeye na Farmer, bingwa wa mimea, walichukua kutoka Kiyunani neno la kupungua, wakaliandika kwanza *maiosis*. Katika mgao wa awali nyuzi za baba na za mama hushikana, kila mmoja na mwenziwe, hubadilishana vipande, kisha jozi huachana. Mgao wa pili hauna maneno mengi, kwani kila uzi, uliokuwa umejirudufu tangu mwanzo, hupasuka kwa urefu wake.

Nyuki akishaipeleka chavua ile shamba la jirani, 11 hukutana na 11. Na mkulima aliyejiwekea mbegu nyeupe tupu, misimu ya mbele, akipeta ungoni, hukuta zenye madoa.